Nyanya Alipomwitikia Baba

Orodha ya kwanza ilisomwa uwanjani mwa shule ya msingi tulikokuwa tumepewa hifadhi, siku ya Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Mwenyekiti wa kamati yetu alisimama juu ya dawati ili aonekane. Kando yake aliketi karani wa ardhi kutoka Kitale, ameshika kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Nyumba ikitajwa, mwenye nyumba anaitika, kalamu ya bluu inatia alama, wanaendelea na nyingine. Orodha hiyo ndiyo ingeamua ni nani atahamishwa pamoja na jamii kwenda kwenye ardhi mpya huku Trans-Nzoia, na ni nani ataachwa ajitafutie.

Mimi nilikaa kwenye nyasi na wadogo zangu watatu. Nyanya, mama yake baba, alikaa mbele yetu kidogo kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Jina la baba likasomwa.

Kila mtu pale uwanjani alijua baba aliko. Mwenyekiti mwenyewe alichimba matope siku nne mfululizo akimtafuta. Lakini majina yalikuwa yamenakiliwa kutoka daftari la ukoo, na hakuna mtu wa kwetu ambaye angethubutu kulipiga mstari jina lile. Mwenyekiti alilisoma kama alivyosoma mengine, ila alishusha sauti.

"Yupo," nyanya akaitika.

Karani akatia alama ya bluu. Mwenyekiti alitazama karatasi yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasoma nyumba iliyofuata. Nami nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina kitambulisho mfukoni, nimesoma mpaka kidato cha pili, na nilijua karatasi ya serikali ni kitu gani. Nilinyamaza pamoja na wengine.

*

Sisi ni watu wa mlimani. Tangu zamani watu wa kwetu hawakupima ardhi kwa kamba. Walisema: mzinga wa fulani uko kwenye mti ule, wa fulani uko ng'ambo ya kijito, na baina ya mizinga hiyo kila mtu alijua mahali pa kusimama. Mama alikuwa mtu wa Matulo, karibu na Webuye, nchi ya miwa na ndizi. Alipoolewa mlimani aliwaambia ndugu zake kwamba ameolewa na baridi. Kwa miaka mingi alijaribu kupanda ndizi nyuma ya jiko. Zilitoa majani mawili matatu, zikasinyaa, na baba alimcheka mpaka akaacha.

Mwaka wa maporomoko mvua ilinyesha siku tisa bila kupumzika, katika mwezi ambao nyanya aliuita mwezi wa kuanika. Nyuki walikuwa wamehama mapema. Nyanya alisema hajawahi kuona mizinga mitupu wakati miti ina maua, na alisema hivyo mara nyingi, kama mtu anayemshitaki mwenzake. Baba aliona ufa kwenye mteremko juu ya nyumba yetu. Akapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, akafunga uzi katikati yake. Kila asubuhi alikwenda kuutazama. Uzi ulipokatika alifunga mwingine, mrefu zaidi. Alimweleza chifu, na wataalamu walikuja na mabuti yao, wakaupiga picha ule uzi, wakasema mteremko wote ule utakuja chini, kama si mwaka huu basi mwingine, na kwamba tuhame. Baba akawauliza, "Tuhamie wapi?" Wakasema hilo ni la idara nyingine.

Mteremko ulishuka Jumapili, kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa bwenini shuleni huku chini. Nyanya na wadogo zangu walikuwa kanisani. Mama alibaki kupika. Baba alikuwa amekwenda kuteremsha mizinga kutoka miti ya upande wa ufa, ili isivunjike.

Mama alipatikana siku ya pili karibu na kijito, kitambaa chake cha kichwa bado kimefungwa. Tulimzika kwenye kipande cha shamba kilichobaki juu, kwa sababu mke huzikwa kwa mumewe hata kama mume mwenyewe hayupo wa kuonyesha mahali. Cheti chake cha kifo kilitoka bila shida.

Baba hakuonekana.

Kwetu, asiyeonekana haliliwi. Nywele hazinyolewi, mizinga yake haigawanywi, na neno kufa halitajwi mbele ya mama yake. Mtu akiuliza, anaambiwa, "Yuko mizingani," naye anaelewa asiulize zaidi. Basi baba alikuwa mizingani. Nilirudi shuleni kuchukua sanduku langu na blanketi, nikamwambia mwalimu wa darasa kwamba sitarudi. Alisema nifikirie. Nilikuwa nimeshafikiria njiani.

*

Nilipata kazi Kitale, kwenye ghala la mahindi. Tulikuwa wanawake kumi hivi, tukikaa juu ya magunia matupu na kuchambua mahindi yaliyooza tukiyatenga na mazima. Jumatatu hadi Ijumaa nililala kwa rafiki mtaani, Jumamosi nikirudi kambini kwa nyanya na wadogo zangu. Vidole huzoea. Hata leo nikishika mahindi najua lililooza kabla sijalitazama.

Miezi mitatu baada ya siku ya uwanjani, kila mwenye nyumba aliitwa ofisini Kitale kutia alama za vidole. Hakuna aliyeniambia kuhusu nyumba yetu. Nilikwenda mwenyewe saa ya mapumziko, vumbi la mahindi likiwa bado kichwani. Karani alikuwa yule yule. Alifungua orodha, akaweka kidole kwenye jina la baba. Kando ya alama ya bluu palikuwa na mstari mwekundu.

"Hii ni nyumba hewa," akasema. "Mwenyewe hakutokea."

"Hawezi kutokea. Alichukuliwa na maporomoko."

"Lini?"

Nikamwambia.

Akageuza karatasi nione. "Sasa dada, hebu niambie. Hii alama niliweka mimi, baada ya hiyo tarehe. Mtu aliitika. Mlinidanganya siku ile ama mnanidanganya leo?"

Hakuwa mtu mbaya. Alingoja kidogo, akaniambia nilete cheti cha kifo, na nikikosa hicho nilete baba. Nyuma yangu mtu alicheka, akanyamaza alipoona hakuna mwingine aliyecheka.

*

Jamii yetu ilikuwa na wakili, mwanamke kijana ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda mpaka mezani kwake. Mwenyekiti alinipeleka. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika, kisha akanieleza kwanza jambo ambalo nilidhani nalijua.

Alisema njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, serikali impe kila mtu kiploti chake na hati yake, mahali popote patakapopatikana, mmoja huku, mwingine kule. Hiyo ndiyo rahisi, alisema, na baada ya miaka kumi hakutakuwa na jamii, kutakuwa na majirani wa watu wengine. Ya pili, tuhame pamoja na kusajiliwa kwa pamoja, ardhi ya jamii, hati moja, ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuiuza. Ya tatu, tukatae kuondoka na tudai mlima wetu kortini.

"Na mlima ukishuka kesi ikiendelea?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo maana nataka tushike ya pili na ya tatu pamoja," akasema. "Mnahama kwa sababu ya usalama. Lakini kwenye karatasi ya kukubali kuhama tunaandika kwamba hamjaacha haki yenu ya mlimani. Mkitia sahihi karatasi isiyo na sentensi hiyo, mmetoka kabisa. Serikali itasema, si mlipewa ardhi nyingine? Mnataka mbili?"

Kisha akanigeukia. Alisema sheria inaweza kumhesabu mtu aliyepotea miaka saba kuwa amekufa. Miaka saba sikuwa nayo. Lakini wakiwepo walioona nyumba ikienda, na chifu akiandika, na mimi nikiapa kwamba baba amekufa, korti inaweza kusikiliza mapema. Hapo nyumba yetu itarudishwa kwenye orodha, na mimi, kifungua mimba mwenye kitambulisho, nitasimama kama mwenye nyumba.

"Ni lazima niseme amekufa?"

"Ni lazima uape."

"Nikisema ni kweli yuko mizingani?"

Mwenyekiti alitazama sakafu. Wakili hakuelewa, na mwenyekiti alipomweleza aliizungusha kalamu. "Dada," akasema, "jaji hana fomu ya hiyo."

*

Nyanya hakujua Kiswahili kingi. Maneno yake nayaweka hapa kama niwezavyo, ingawa kwa lugha yake yalikuwa na makali zaidi.

Jumamosi ile nilibeba mahindi kiasi kwenye kitambaa, nikakaa naye mbele ya darasa tulilokuwa tukilala. Nilitawanya punje chache sakafuni, moja moja, mbali mbali. Nikamwambia, hii ni njia ya kwanza, kila mtu peke yake. Nikakusanya nyingine zikawa fungu. Hii ni ya pili, wote pamoja. Nikaweka fungu jingine juu ya kipande cha tofali. Hii ni ya tatu, kubaki mlimani na kushitaki.

Alitazama kwa muda. Alikuwa mwepesi kuelewa kuliko mimi nilipokuwa ofisini.

"Hili la katikati ni zuri," akasema. "Na hili la juu ya tofali pia."

"Wakili anataka yote mawili."

"Ana akili. Ni wa nani?"

"Sijui, nyanya. Ni wa Nairobi."

Akaokota punje moja kutoka fungu la katikati. "Huyu ni nani?"

Nilijua anachouliza. "Ni nyumba yetu."

"Nyumba ya nani?"

"Ya baba."

"Basi yupo." Akairudisha mahali pake, kwa uangalifu, kama mtu anayepanda.

Hapo nikamwambia. Nilimwambia kuhusu mstari mwekundu na kiapo. Nilimwambia wadogo zangu watatu wataachwa bila ardhi kama nisipoapa, na kwamba watu watahama na kutuacha kwenye darasa hili, na darasa lenyewe linatakiwa na watoto wa shule. Nilisema yote hayo nikitazama punje. Nilipoinua macho, yeye alikuwa anatazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na wingu hadi kiunoni.

"Wewe ulimwona?" akaniuliza.

"Hapana."

"Mwenyekiti alimwona?"

"Hapana, nyanya."

"Sasa utaapaje kwa jambo ambalo hujaliona?"

Nilifikiria jibu la swali hilo mwezi mzima nikichambua mahindi. Bado silijui. Najua tu kwamba mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameanza kukohoa kwa sababu ya sakafu ya saruji, na kwamba dada yangu anayenifuata alikuwa amesema, bila mtu kumuuliza, kwamba kuna mwanaume mwenye duka ambaye angemchukua ili tupunguke. Alikuwa na miaka kumi na sita. Siku aliyosema hivyo nilimjibu kwa ukali ambao sijawahi kuutumia tena.

*

Ndugu yake mama alikuja kutoka Matulo kunisaidia. Mjomba ni mtu wa kuongea, mwimbaji kwaya, lakini alipousikia mkasa wetu alivua kofia.

"Mama yangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "kwetu mtu akipotea majini ama vitani, hatukai tu hivyo. Tunazika shina la mgomba. Linafungwa shuka, linaombewa, linafukiwa. Hapo sasa mtu ana kaburi. Hata hiyo korti ukiiambia amezikwa, si umesema ukweli?"

Nilimuuliza wakili. Alisema kaburi si cheti, lakini makaburi ni ushahidi. Kesi nyingi za ardhi katika nchi hii zimesimama juu ya makaburi. Kisha akaniambia kitu kilichonifanya nirudi kukaa. Nikimzika baba kwenye ardhi mpya, alisema, upande wa pili unaweza kusema hapo ndipo tulipopakubali kuwa kwetu. Nikimzika mlimani, kando ya mama, ni ushahidi kwamba mlima ni wetu. "Sikuambii la kufanya," akasema. "Ni baba yako."

Wadogo zangu walitaka kaburi liwe karibu, mahali wanapoweza kufagia. Niliamua liwe mlimani. Mkubwa ndiye huamua, na wadogo hawasahau aliloamua.

Mgomba haumei mlimani kwetu, kwa hiyo tulikwenda na mjomba Kamukuywa siku ya soko. Tulimkuta mama mmoja anauza mikungu, na nyuma ya kibanda chake palikuwa na shamba.

"Nataka shina," mjomba akamwambia. "Liwe refu kama mimi."

"Shina? Ndizi nzuri hivi unaacha, ati unataka shina? Ama mna ng'ombe mgeni wa kulishwa kwenu?"

"Ni la kuzika."

Mama yule akafuta mikono kwenye leso. Hakuuliza la nani. Alituongoza shambani, akachagua mgomba ambao ulikuwa haujazaa bado, akaukata mwenyewe kwa panga, taratibu, akiuinamisha ili usianguke kwa kishindo. Nilipofungua kibeti alinisukuma mkono. "Hii haiuzwi," akasema.

Tuliufunga kwa shuka na kuulaza kwenye pikipiki, mjomba nyuma akiukumbatia, mimi kwenye pikipiki nyingine. Kijana wa boda, kabla hajajua, alimgeukia mjomba akasema, "Mzee, huyu abiria wako hata hasalimii." Mjomba, mwimbaji kwaya, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Aliendelea kulia mpaka njia ya lami ilipoisha, na yule kijana akaendesha polepole bila kusema tena.

*

Niliapa Jumatano, Kitale. Nilidhani ningetetemeka. Nilishika Biblia na nikasema maneno niliyosomewa, na sauti yangu ikatoka imenyooka. Mwenyekiti alitoa ushahidi wake, na jirani mmoja aliyeiona nyumba ikienda. Jirani huyo alisema nyumba haikuanguka, ilitembea. Ilishuka ikiwa imesimama, moshi wa jikoni bado unatoka, mpaka ilipofika kwenye miti. Sikuwa nimewahi kusikia hilo kuhusu moshi. Karani wa korti aliandika kila neno.

Tulizika shina Jumamosi. Ufa ulikuwa umepanuka, tukaupita mmoja mmoja. Mjomba aliomba kwa Kibukusu, lugha ya kwao Matulo, na mwenyekiti akaomba kwa lugha yetu. Watu wa kwetu walisimama mbali kidogo, si kwa dharau, ila kwa kutojua mikono waiweke wapi, maana hakuna aliyewahi kuona mazishi ya namna hiyo. Wadogo zangu walitupa udongo. Nilinyoa nywele zangu pale pale kwa wembe, nikawanyoa na wao.

Nyanya alipanda nasi njia yote bila fimbo. Hakutupa udongo. Watu walipoanza kushuka, alikuja akasimama juu ya kilima kidogo cha udongo mbichi.

"Mwanangu hakuwahi kula ndizi akashiba," akasema. "Alikuwa akimcheka mama yako kwa ajili ya hizi hizi ndizi. Leo umemfanya ndizi."

"Nisamehe, nyanya."

"Sijakasirika." Aliinama akaondoa kipande cha shuka kilichokuwa kimetokeza, akakifukia. "Mama wa watoto amefanya la watoto. Mimi nami ni mama wa mtoto."

Sikulielewa neno hilo hadi wiki iliyofuata. Kamati ilipokuwa ikiandaa orodha ya pili, nyumba yetu ikiwa imerudishwa na jina langu mbele, nyanya alikwenda peke yake kwa mwenyekiti akaomba jina lake litolewe chini ya langu. Alisema hatashuka. Nyumba ya shemeji yake ilikuwa bado imesimama mlimani, ng'ambo ya kijito, mbali na ufa lakini si mbali sana. Alisema atakaa huko.

Nilikwenda kwa wakili kwa miguu, karibu nikimbie. Nilitaka aniambie kwamba kuna sheria ya kumshusha mtu.

"Kukiwa na amri ya kuhamisha watu kwa hatari, polisi wanaweza kumshusha," akasema. "Unataka niombe hivyo?"

Akilini nilimwona nyanya akibebwa na askari wawili, miguu haigusi chini. Nikasema hapana.

"Kuna jambo jingine," akasema, na niliona kwamba analisema kwa shida. "Kwa kesi ya mlima, mtu akibaki kule, hiyo inatusaidia. Inaonyesha hatukuondoka wote."

Mwenyekiti pia aliniambia hivyo baadaye, tena kwa furaha kidogo. "Nyanya yako ametusaidia sana bana. Hata wakili amesema." Nilimtazama mpaka akaangalia pembeni. Alikuwa mtu mwema. Alichimba matope siku nne. Lakini siku ile nilitamani angekuwa amesema neno jingine lolote.

*

Tulihama kabla ya mvua ndefu. Ardhi ni tambarare, nyeusi, inatoa mahindi. Watoto wa jamii wamechimba msingi wa kanisa, na mizinga imetundikwa kwenye miti michache ya mpakani, ingawa nyuki wa huku ni wakali na hawatujui. Wadogo zangu wanasoma. Dada yangu yuko kidato cha tatu, na yule mwenye duka ameoa mtu mwingine. Mdogo wa mwisho hakohoi tena. Haya yote ni mema, na nimeyasema mbele ya watu kanisani kwa shukrani, nami nilimaanisha.

Kila Jumamosi ya pili napanda na unga, chumvi, majani ya chai na sabuni. Nyanya ananipokea mlangoni. Huniuliza habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Ameuchukua mzinga mmoja wa baba, ule uliopatikana matopeni ukiwa mzima, akautundika juu ya mti ulio karibu na makaburi. Alipandaje sijui, na nilipomuuliza alinitazama kama nimemtukana. Shina lilioza mwaka wa kwanza, na udongo umeshuka kidogo hapo, kama unavyoshuka juu ya mtu. Anapalilia makaburi yote mawili. Lile la mama analiita kaburi. Lile la pili hajaliita kitu.

Mvua ikianza kunyesha huku, natoka nje kutazama upande wa mlima, hata kama nimeshika mtoto wa mtu au sufuria. Majirani wamezoea. Siku moja jirani aliniambia, "Si umlete tu?" Nikamjibu kwamba nimejaribu. Sikumwambia kwamba mara ya mwisho nilipomsihi ashuke, nyanya alisema, "Nikishuka, akija atamkuta nani?" na mimi, ambaye niliapa kortini na sauti ikanyooka, sikuweza kumwambia kwamba hatakuja.

Mwezi uliopita kamati ilifanya upya daftari la jamii, kwa ajili ya usajili. Safari hii hakukuwa na karani wa serikali. Aliandika katibu wetu, kijana aliyemaliza chuo, chini ya paa la kanisa ambalo halijaisha. Nyumba yangu iliposomwa niliitika. Akasoma majina ya wadogo zangu, wakaitika. Kisha akafika kwenye mstari wa pekee chini kabisa, jina la nyanya, na kando yake nikaona alichokuwa amekwisha kuandika: amekataa kuhama.

"Futa hapo," nikamwambia.

"Si ndiyo ukweli, dada? Alikataa."

"Daftari hili ni la nini?"

"La watu wa jamii."

"Basi soma jina lake."

Alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, asome. Kijana akalisoma, kwa sauti ya kawaida, kama alivyosoma mengine yote. Kupitia mahali pasipo na mabati niliona wingu linajikusanya juu ya mlima.

"Yupo," nikaitika.